Somo la Uraia lianze na ile bahasha juu ya friji

Nina jambo la kukiri. Kwenye kipindi sikulimaliza, manake wenzangu walianza kucheka mapema, nikaona bora nyamaza, hili nitaliandika. Ni hivi: mwaka 2003, nikiwa na miaka 14, nilimzuia mamangu kupiga kura. Na nikaendelea kumzuia kwa miaka 13.

Sikufanya kwa ubaya. Wengi wenu mnaijua hii kazi, kazi ambayo hukuiomba wala hulipwi: mtoto anayesoma Kiingereza haraka kuliko wengine ndiye karani wa nyumba. Barua ya gesi, ya daktari, ya benki, ya shule, zote zinapita mikononi mwako. (Ile ya shule inayokusema wewe mwenyewe unaitafsiri kwa hekima.) Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka 2000, kwa hiyo nyumba yetu ya Hounslow West ilikuwa na mama, mimi, dada yangu mdogo na mlima wa bahasha. Kila mwaka majani yakianza kuanguka ilikuja moja kutoka halmashauri, kuuliza nani anaishi hapa na nani aandikwe kwenye daftari la wapiga kura. Baba enzi zake alikuwa haijibu. Aliiweka juu ya friji. Siasa, alisema, aliziacha Mombasa.

Mwaka ule mama akaishusha, akanipa. "Hii yasemaje?"

Nikaisoma, nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma: "Hii si yako, mama. Kura ni ya raia wa Uingereza. Wewe una pasipoti ya Kenya."

Bahasha ikarudi juu ya friji.

Uhakika ule niliupata darasani. Somo la Uraia lilikuwa jipya kabisa; lilianza kuwa la lazima katika sekondari za England Septemba 2002, na sisi tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kulisoma. Kitabu cha mazoezi hatukuwa nacho, tulipewa karatasi zilizotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Karatasi moja iliuliza: Nani anaruhusiwa kupiga kura? Jibu lililotakiwa lilikuwa raia wa Uingereza mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Niliandika hivyo, nikapata alama zote.

Jibu lile lilikuwa na kosa. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, mwenye kibali cha ukaazi au asiyehitaji kibali, anaweza kujiandikisha na kupiga kura. Kura zote: ya diwani, ya meya wa London, ya mbunge. Hahitaji pasipoti ya Uingereza. Mamangu alikuwa na haki hiyo tangu aliposhuka Heathrow mwaka 1987 kumfuata baba, miaka miwili kabla sijazaliwa. Hakuna aliyemwambia, na mtu wa kwanza aliyemwuliza, yaani mimi, akampa jibu la shuleni.

Basi hesabu. Uchaguzi mkuu wa 2005, wakati nyumba nzima ilikuwa na hasira ya vita vya Iraq na mama akizungumza na televisheni kila usiku kama kwamba Tony Blair anamsikia. Uchaguzi wa 2010. Uchaguzi wa 2015. Madiwani mara tatu, meya mara nne. Mwaka 2008 nilikwenda mwenyewe kupiga kura yangu ya kwanza, ya meya, nikajiona mtu mzima, nikarudi nikamkuta jikoni anakaanga viazi vya karai. Nikamsimulia ilivyokuwa. Akasikiliza vizuri kabisa, akaniuliza maswali.

Tuligundua mwaka 2016, kabla ya kura ya maoni ya Ulaya. Mama alikuwa anafanya usafi uwanja wa ndege, zamu ya alfajiri, na mwenzake wa Ghana akamwuliza ataiendea saa ngapi. Mama akamwambia mimi si raia. Yule mama akacheka: "Kwani Kenya imetoka Madola lini?" Jioni mama alirudi, akavua viatu, akakaa. Hakugomba. Aliniuliza tu: "Wewe uliambiwa na nani?"

Nikasema, "Shuleni."

Akasema, "Haya."

Ile haya mimi bado ninayo.

Sasa, kwa nini nafukua haya leo? Kwa sababu somo lenyewe linarudi mezani. Novemba 2025 ilitoka ripoti ya mapitio ya mtaala wa England, iliyoongozwa na Profesa Becky Francis, na moja ya mapendekezo yake ni kwamba Uraia uwe somo la lazima tangu shule ya msingi: demokrasia, sheria na haki, pesa, habari za kweli na za uongo, mazingira. Serikali imekubali, na mtaala mpya unatarajiwa kuanza kufundishwa Septemba 2028. Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2025, serikali hiyohiyo ilitangaza kwamba inataka umri wa kupiga kura ushuke hadi miaka 16, kama ilivyo tayari Scotland na Wales kwenye chaguzi zao. Watoto wa dada yangu, mmoja miaka 10 na mwingine 15, wamo humo ndani wote wawili.

Watu wengi wa rika letu nimewasikia wakisema vizuri, hatimaye. Mimi nasema vizuri, lakini watafundishwa nini? Manake somo hili limeshapata nafasi yake mara moja.

Wazo la mwanzo halikuwa baya. Ripoti ya mwaka 1998, ya Bernard Crick, ilitaka watoto wajue mambo matatu: wajibu wao kwa wenzao, kushiriki katika jamii wanamoishi, na siasa yenyewe inavyofanya kazi. Kwenye karatasi ni safi. Kwetu lilifundishwa na mwalimu wa michezo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kipindi kitupu, na simlaumu hata kidogo. Alipewa zile kopi Jumatatu asubuhi kama sisi. Halafu Machi 2003, wanafunzi sehemu nyingi za nchi walipotoka madarasani kupinga vita vya Iraq, na wa kwetu baadhi walitoka. Siku iliyofuata wakawekwa kizuizini saa ya chakula. Mada ya Uraia wiki ile ilikuwa kushiriki. Naapa.

Baadaye somo likazidi kufifia. Shule za akademia, ambazo sasa ndizo nyingi katika sekondari za England, hazikulazimika kufuata mtaala wa taifa, kwa hiyo nyingine zililibana kwenye siku moja ya mwaka, nyingine kwenye mkutano wa asubuhi. Halafu mwaka 2014 likaingia jambo jingine kwenye nafasi ileile: tunu za msingi za Uingereza. Ni nne kwa hesabu ya wizara: demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi, na kuheshimiana pamoja na kuvumilia wenye imani tofauti. Mwaka uliofuata shule zikapewa wajibu wa kisheria wa kuangalia dalili za misimamo mikali. Ukiingia shule yoyote Hounslow leo utaziona zile tunu ukutani, na bendera, na picha ya watoto wa rangi zote wameshikana mikono.

Sina ugomvi na tunu hizo. Demokrasia, nani ataikataa? Ila ziangalie tena zilivyoitwa. Mtoto ambaye bibi yake amempigania mtu hospitalini, amepanga foleni ya haki, amesimamia mirathi bila kumdhulumu yatima, anaambiwa kwamba kuheshimiana ni kitu cha Kiingereza anachofundishwa yeye kwa sababu labda kwao hakipo. Na anajua kuwa kuna anayemwangalia. Yule wa miaka 15 nilimwuliza kama wanazungumza darasani juu ya Gaza. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda mwezini. "Khalati, darasani hatusemi hayo." Wanasema wapi basi? Kwenye simu, na watu wasiowajua. Kwa hiyo tumepata somo la Uraia ambalo mtoto analijibu kwa kunyamaza.

Tunu haikufundishi ujaze fomu. Ungemchukua mwanafunzi aliyekariri zote nne, ukampa ile bahasha ya halmashauri, angemjibu mamake kama nilivyojibu mimi.

Na hapa ndipo Hounslow inaponiuma zaidi. Fikirini darasa letu la 2003. Watoto kama 30: India, Pakistan, Sri Lanka, Ghana, Nigeria, sisi wa Kenya wawili, Mganda mmoja, Wasomali, Waafghani. Nchi zile saba za mwanzo zote ni za Madola. Karatasi moja yenye kosa, na labda nyumba 15 au 20 zikaambiwa na makarani wao wadogo kwamba kura si yenu. Hakuna aliyekusudia. Lakini kama ungetaka kuifanya mitaa ya chini ya ndege isipige kura, ungebuni njia gani nafuu kuliko hiyo?

Hiyo mitaa ina mambo ya kupigia kura. Ndege zinashuka juu yetu kila dakika moja na nusu hivi upepo ukiwa wa magharibi. Mwalimu anakata sentensi katikati, anangoja, anaendelea. Sisi tulifikiri walimu wote duniani huzungumza hivyo. Shule moja ya watoto wadogo hapa ilifikia kujengewa vibanda vya udongo vya mviringo uwanjani ili watoto wasikie wanachoambiwa. Juni 2018 Bunge lilipigia kura njia ya tatu ya kurukia ndege, 415 wakaunga mkono, 119 wakapinga. Na huo uwanja ndio unaolisha nusu ya nyumba tunazozijua, ya kwetu ikiwemo. Mama alikuwa anausafisha usiku na kuulaani mchana. Somo zima la siasa limo humo: kazi, pumzi, usingizi, nani aliulizwa na nani hakuulizwa. Hatukuwahi kulisoma. Tulisoma kuhusu kijiji cha kubuni kinachotaka kujenga duka kubwa.

Na historia. Jirani yetu wa mkono wa kulia ni mama wa Kipunjabi aliyezaliwa Nakuru. Kiswahili chake ni kile cha dukani, na mamangu wa Mombasa hukisikia kama mtu anayetafuna mchanga. "Mama, kuja kunywa chai! Watoto iko wapi?" Miaka yote nilidhani ni mzaha wa majirani. Nilikuwa chuo kikuu nilipomwuliza alifikaje hapa.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, watu wa asili ya Kiasia walipewa miaka miwili ya kuamua: waombe uraia wa Kenya, au wabaki na pasipoti za Uingereza. Wengi, na familia yake ikiwemo, walibaki na zile za Uingereza, wakiamini kwamba pasipoti ni ahadi. Baadaye Kenya ikaanza kubana vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, watu wakaanza kuondoka. London ikaingiwa na hofu. Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya 1968 ilipitishwa Bungeni kwa siku tatu, ikaanza kazi tarehe 1 Machi: mwenye pasipoti ya Uingereza asiye na mzazi wala babu aliyezaliwa huku, au uhusiano kama huo, hakuwa tena na haki ya kuingia. Mwanzoni ziliwekwa vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Yeye alifika Februari. Kaka yake alibaki nyuma kuuza duka, mlango ukafungwa yuko nje. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba sheria ile iliwabagua watu hao kwa rangi yao, na kwamba kuwatendea hivyo kuliwavunjia utu.

Darasani kwetu walikuwepo wajukuu wa watu hao. Bibi zao walizaliwa Nakuru, Kisumu, Jinja, Kampala. Wengine walikuja miaka minne baadaye, Idi Amin alipowafukuza. Walikuwa wanaongeza sukari kwenye chai kama sisi na kuita ndizi matoke. Mwalimu angeuliza tu, "Nani ana bibi aliyewahi kukataliwa na pasipoti mkononi?", angepata somo la mwaka mzima. Yaani uraia ni kitu gani, nani anaweza kukupa, nani anaweza kukunyang'anya, na kwa siku ngapi. Badala yake mimi na yule binti wa pembeni yangu tulikaa miaka mitano bila kujua kwamba bibi yake na mamangu walinunua mchele kwa lugha moja.

Najua kuna atakayesema: wewe wataka siasa ziingie shuleni. Zimo tayari. Sheria ya elimu inamkataza mwalimu kuegemea upande wa chama, na inamtaka aoneshe pande zote, na mimi sitaki libadilike hilo. Nataka tu wazionyeshe hizo pande. Kutozungumza kabisa nako ni upande.

Tusijidanganye pia kwamba kwetu wanajua kuliko hawa. Binamu zangu wakubwa wa Mombasa walikua enzi za maziwa ya Nyayo na kiapo cha utii kwa rais, wakaja kukariri GHC, yaani jiografia, historia na uraia zikiwa zimefungwa pamoja kwa ajili ya mtihani wa darasa la nane. Tanzania walikuwa na somo la Siasa enzi za chama kimoja, likageuka Uraia mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992. Katika mtaala mpya wa 2023 limekuja somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili. Linafundishwa kwa Kiswahili mpaka sekondari, na hilo nalipenda, nisiseme uongo. Lakini neno maadili huwa na tabia ya kuhama taratibu kutoka kutenda haki kwenda kutii wakubwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, vijana wa Dar es Salaam waliingia barabarani. Intaneti ikazimwa, ikawekwa amri ya kutotoka nje, watu wakauawa. Watoto wale walisoma Uraia shuleni miaka yote.

Na Kenya, Juni 2024? Hapo ndipo mimi niliposhtuka. Binti wa binamu yangu, miaka 22, alinitumia usiku mmoja vifungu vya Muswada wa Fedha kimoja kimoja, kodi ya mkate, kodi ya gari, na maelezo yake kwa Kiswahili. Vijana walikuwa wameugawana ule muswada, wakautafsiri, wakaueleza kwa video. Alinitajia ibara ya 37 ya Katiba ya 2010, ya haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Nilimwuliza alisoma wapi, shuleni? "Shule gani, khalati?" Tarehe 25 Bunge lilipitisha muswada, watu wakapigwa risasi nje ya jengo lile. Tarehe 26 rais akasema hatautia saini. Huo ujuzi wa kusoma karatasi ya serikali na kumweleza bibi yako kwa lugha yake, ndio ninaoita uraia. Wao waliupata nje ya darasa, kwa gharama ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuilipa.

Sisi tunaokulia huku, hiyo kazi ya kueleza tayari tunaifanya, tangu miaka tisa, mezani jikoni. Tatizo ni kwamba tunatumwa bila vifaa.

Kwa hiyo mimi, kama ningeulizwa (sijaulizwa), somo la 2028 ningelianzisha na bahasha. Zile zinazofika nyumbani kweli. Daftari la wapiga kura. Barua ya kodi ya halmashauri, ambayo ukiigeuza nyuma ina hesabu ya pesa zimekwenda wapi. Barua ya wizara ya mambo ya ndani. Hii ya mwisho ni ngumu na ndiyo ninayoitaka zaidi, kwa sababu karibu kila mtoto niliyekutana naye anaamini kwamba ukizaliwa Uingereza wewe ni raia wa Uingereza. Si hivyo tangu Januari 1, 1983. Siku unazaliwa lazima mzazi mmoja awe raia au awe na ukaazi wa kudumu. Mtoto aliyezaliwa hapa bila hayo, akikaa hapa miaka yake 10 ya mwanzo, ana haki ya kuandikishwa kuwa raia. Lakini haki hiyo haimfuati nyumbani. Inaombwa, kwa fomu, na ada yake imewahi kuzidi paundi 1,000. Familia isiyo na uwezo inaweza kuomba isamehewe, ikijua kwamba msamaha upo.

Namjua kijana mmoja, familia rafiki, ambaye aliyajua haya akiwa na miaka 12 kwa sababu ya safari ya shule ya kwenda Ufaransa. Wenzake walileta pasipoti. Yeye alibaki wiki ile akisaidia maktaba. Alikuwa nyota wa timu ya mpira, alikuwa ameimba wimbo wa taifa la England kuliko mimi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu apate haki ya kuandikishwa, na hakuna mtu mzima hata mmoja katika maisha yake aliyejua.

Najua hatari ya hili pia. Usije ukasimama mbele ya watoto ukawauliza, haya, nani hapa si raia? Nyumba nyingine zinaishi kwa kutojulikana. Mwalimu afundishe sheria kwa wote, bila kumwuliza yeyote hali yake, amwambie kila mtoto aende na karatasi nyumbani. Anayeihitaji ataisoma akiwa peke yake. Hilo linataka walimu waliosomea somo hili, siyo aliyekuwa na kipindi kitupu, na linataka pesa, na ripoti peke yake haina pesa.

Na sisi tusingoje 2028. Kiswahili kina maneno mawili hapo ambapo Kiingereza kina moja. Kuna raia, lenye asili ya Kiarabu, na huko mwanzo liliwahusu watawaliwa, kama kundi na mchungaji wake. Na kuna mwananchi, mwana wa nchi. Mamangu aliwahi kuwa raia wa Kenya tu, akaogopa kuiacha pasipoti ile mpaka Katiba ya 2010 iliporuhusu uraia wa nchi mbili, akaendelea kuahirisha mpaka 2018, habari za kizazi cha Windrush zilipomtisha. Akafanya mtihani wa maisha ya Uingereza: maswali 24, dakika 45, lazima upate 18. Tulisoma pamoja wiki tatu, mimi nikiwa mwalimu safari hii. Tulipofika kwa Henry wa Nane na wake zake sita akaweka kitabu chini. "Hata kwetu mwisho ni wanne." Alipita. Lakini mwana wa Hounslow alikuwa tangu zamani, na kura yake ya kwanza aliipiga miaka miwili kabla ya cheti, na pasipoti ya Kenya kabatini.

Kama mzazi wako, mjomba wako, au yule mwanafunzi aliyetoka Dodoma anayekaa kwenu ana pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda au Msumbiji na anaishi hapa na kibali, anaweza kujiandikisha leo. Wa Congo, Burundi na Somalia hawamo, nchi zao si za Madola, mpaka wapate uraia. Mwambieni ukweli mapema, msimpe matumaini ya bure. Ukiwa na miaka 16 unaweza kujiandikisha hata kabla ya kuruhusiwa kupiga. Kituoni siku hizi wanataka kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika, na ile kadi ya basi ya wazee pia. Uchaguzi wa madiwani wa London ni tarehe 7 Mei 2026. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 20 Aprili.

Mama ameshajipanga. Atakwenda na jirani wa Nakuru, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali na kabla ya foleni, ingawa hakuna foleni na jua lenyewe mnalijua. Atachukua kalamu yake ya wino kwenye mkoba. Mwaka ule wa 2016 alipoingia kwenye kile kibanda akakuta penseli imefungwa kwa kamba, alitoka nje mbio kuniita, uso umembadilika: "Kalamu ya risasi! Si wataifuta hawa?"